Injini Tuliyoifunga Wenyewe

Nasimiyu, binti yangu,

Umekwenda Kimilili kumuaga nyanya yako, na najua hatakuachilia kabla hajakulisha kuku mzima, kwa hivyo nina alasiri yote peke yangu. Nimekaa nyuma ya pikapu. Mlango wa nyuma nimeushusha nikaufanya benchi, na sanduku lako la vyuma liko hapa kando yangu. Sitakuandikia habari za kula, kulala, kanisa na wanaume. Hayo nimekuimbia tangu ulipoanza kutembea. Kama hayajaingia, karatasi hii haitayaingiza. Kesho unakwenda Bungoma kufanya kazi ya injini, na mimi nataka kuzungumza nawe habari za injini.

Moja tu, kwa kweli. Ile yetu.

Watu wa hapa kijijini Kwanza huisimulia habari ile kama kichekesho cha mjane aliyepandwa na wazimu akamlaza binti yake chini ya gari. Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa bado mwanafunzi, na kuna mambo niliyokuwa nayo moyoni ambayo hukuyaona. Nataka uyasikie kwangu kabla hujakutana na watu wa kukusimulia maisha yako mwenyewe.

Kwanza uelewe hivi: ile injini ya zamani ni mimi niliyeiua. Haikuuawa na uzee wala na fundi, wala na mapepo kama alivyodai yule mama wa maombi. Baba yako alipofariki aliniachia pikapu na kazi ya kubeba maziwa ya majirani kutoka hapa hadi Kitale. Alikuwa amenifundisha kuiendesha. Kuisikiliza hakunifundisha, na mimi sikuuliza. Asubuhi moja nikiwa njiani taa nyekundu ya oili iliwaka. Niliiona. Nikajiambia maziwa yataharibika juani, acha nifike kwanza, nitaangalia baadaye. Baada ya muda injini ikaanza kugonga. Unajua nilifanya nini? Niliongeza sauti ya redio. Kabla sijaingia mjini kitu kilipiga kishindo huko chini kama mtu amerusha nyundo kwenye pipa, na pikapu ikasimama katikati ya barabara ikitoa moshi.

Ulishaniuliza mara nyingi kwa nini niliing'oa ile redio. Ndiyo sababu.

Fundi wa Kitale aliyekuja kuitazama aliimwaga oili, akaipitisha vidoleni, akanionyesha chenga za chuma ndani yake. Zilikuwa zinameta kama vumbi la dhahabu. "Mama, hii imekwenda. Uza kama chuma tu." Nikamwuliza kufunga injini nyingine ni kazi gani. Akacheka, si kwa ubaya, alivyocheka ni kama nimemwuliza kama naweza kujing'oa jino. "Hiyo ni kazi ya gereji, mama." Kisha akanitajia bei ya gereji, na bei hiyo sitaiandika hapa maana damu itanipanda.

Jirani akaivuta pikapu na trekta hadi nyumbani. Jioni hiyo hiyo baba yako mdogo Barasa akafika. Nataka uwe mwadilifu kwa Barasa unaposoma haya. Baba yako alipokufa, Barasa alichinja fahali wake mwenyewe kwa ajili ya matanga, na alilichimba kaburi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea kuamua.

"Pole, shemeji," alisema, akiwa ameweka mkono juu ya boneti. "Nimepata mtu wa vyuma chakavu. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja na lori."

"Kuchukua nini?"

"Si hii gari? Imekufa, bana. Tuuze, tugawane, maisha iendelee."

"Tugawane na nani?"

"Gari ni ya ndugu yangu, shemeji."

"Na mimi nilikuwa wa nani?"

Alitazama chini, kisha akaitazama pikapu kana kwamba ndiyo iliyosema. "Sasa wewe unataka kuifanyia nini? Kuku watagie ndani?"

"Nitafunga injini nyingine."

"Na fundi gani?"

"Na Nasimiyu."

Naapa sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lilinitoka tu. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi, ugali unaungua nyuma yako, na mimi nikakutazama nikitarajia utacheka au utalia. Ukasema, "Basi tutahitaji kitu cha kuinulia." Hukuuliza kama tunaweza. Uliuliza vyombo. Nilikupenda tangu siku uliyozaliwa, lakini kukuheshimu nilianza siku ile, kwenye moshi wa ugali ulioungua.

Barasa aliondoka akitikisa kichwa. Siku iliyofuata Kwanza nzima ilikuwa inajua.

Tulianza na kile tulichokuwa nacho, yaani karibu si kitu. Baba yako alikuwa na jeki, bisibisi, koleo na spana chache za wazi, nusu zimelegea midomo. Wewe ukawa unatazama video kwenye simu yangu, unanieleza nikipika, mimi nakuuliza maswali ya kijinga na wewe unayajibu bila kunidharau. Mwisho wa yote tukajua la kwanza ni kupata injini, na injini zilikuwa Bungoma.

Unakumbuka yadi ya Mzee Makokha? Magari yaliyopasuliwa yamelala kama ng'ombe buchani, na injini zimepangwa juu ya matairi, zote zinang'aa. Mzee akatupeleka moja kwa moja kwenye ile iliyong'aa kuliko zote. "Hii ni nzuli sana, mama. Hii utaendesha mpaka uchoke."

Mimi nilikuwa tayari kusema sawa. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa naogopa, na ilikuwa inang'aa. Wewe ndiye uliyetoa kwenye mkoba wa shule ile soketi kubwa tuliyoazima na mpini wake mrefu, ukamwambia, "Mzee, naomba niizungushe kwanza." Ukaivika kwenye nati ya mbele ya injini, ukavuta. Haikusogea hata kidogo. Iliyofuata ikasogea kidogo ikakwama. Mzee Makokha akaanza kukuna shingo. Ile ya kona, chafu, yenye matope mgongoni, ilizunguka kwa uzito mzuri, na kila baada ya muda ikapumua pshh kupitia tundu la plagi.

"Huyu msichana amefunzwa na nani?" mzee akaniuliza.

"Na simu," nikamjibu.

Akacheka hadi akakaa juu ya tairi. "Akimaliza shule, mlete hapa. Si mchezo, mama. Mlete."

Basi nakwambia hivi, wewe unayekwenda kufanya kazi katika yadi ile ile: sasa utakuwa upande wa pili wa kaunta. Injini hupanguswa kwa dizeli ili ing'ae, na sasa unajua nani hupangusa. Siku ikija mwanamke amechoka kama nilivyokuwa, amesimama mbele ya chuma kinachong'aa, mpe soketi azungushe mwenyewe. Mzee akinung'unika, anung'unike.

Injini ikaja Kwanza juu ya lori la mahindi lililokuwa linarudi tupu, na tukaanza kuitoa ile mfu. Hapa ndipo nilipoharibu zaidi, kwa hivyo hapa ndipo nitakapokaa kidogo.

Boliti za paipu ya moshi zilikuwa zimekula kutu. Nilichukua spana ya wazi ya baba yako, ile iliyolegea, nikatia paipu kwenye mkia wake ili nipate nguvu, nikavuta kwa hasira zangu zote. Spana ikateleza, nati ikawa duara kama shanga. Nikavuta nyingine, ikakatika. Tulipoteza siku mbili tukizikata na msumeno wa chuma, kipande kwa kipande, wewe umelala chali chini na chenga zinakuangukia usoni. Baadaye mwenye karakana ya mbao kule sokoni akatuazima soketi zenye pembe sita, si zile za pembe nyingi, na akatuambia tuzipake boliti oili na kuziacha zinywe hadi kesho yake. Zilizobaki zikafunguka bila kelele. Ndiyo maana soketi zako zote ni za pembe sita. Nilizichagua moja moja, muuzaji wa Kitale akachoka na mimi. Ati zote ni sawa, mama. Nikamwambia kama zote ni sawa basi hana sababu ya kuninyima ninazotaka.

Yule yule mwenye karakana ndiye aliyetuazima mnyororo wa kapi, ule mafundi huuita cheni bloku, ambao yeye huinulia magogo. Tukakata mikaratusi mitatu, tukaifunga vichwa, tukaisimamisha juu ya pikapu kama miguu ya kigoda, na mnyororo ukaning'inia katikati. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua. Wengine walikuja na viti. Mama wa maombi alikuwepo pia, nadhani kwa ajili ya mapepo.

Mvua ilikuwa imenyesha. Ile miguu niliisimamisha juu ya udongo mtupu, kwa sababu nilikuwa na haraka, na kwa sababu nilitaka wale watu waone. Wewe ukasema, "Mama, huu mguu unateleza."

Nikakujibu, "Vuta."

Ukavuta. Injini ikang'oka kwenye vishikizo vyake, ikapanda, ikaning'inia, na watu kwenye ua wakashangilia. Niliusikia ule ushangiliaji hadi kwenye mifupa. Nikaweka mkono kwenye injini niisukume mbele, mkono mwingine nimeuinua kuwapungia, na mguu wa mkaratusi ukateleza. Injini ikaanguka upande, ikapasua rejeta, ikanibana mkono wa kushoto juu ya chuma cha fremu.

Watu walipiga mayowe. Wewe hukupiga. Uliokota mtarimbo, ukauchomeka chini ya injini, ukaruka ukakalia ncha yake kwa uzito wako wote, na uzito wako wakati ule haukuwa mwingi. Chuma kikainuka kiasi cha mkono kutoka. Nikautoa. Kidole hiki cha pete kimebaki kimepinda hivi mpaka leo, na pete ya baba yako haipiti tena.

Nafula, mke wa Barasa, ndiye aliyeruka ua na kunifunga kwa kitambaa cha kichwani mwake, akanipeleka zahanati. Nyuma yangu nilisikia sauti ya mwanamume ikisema, "Si tulisema?" Usiku ule mkono uliniuma, lakini kilichonila hasa ni kwamba uliniambia mguu unateleza na mimi nikakujibu vuta, kwa sababu ya watu waliokaa kwenye viti. Injini haijui kama inatazamwa. Inajua tu kama mguu umesimama au haukusimama.

Asubuhi nilikukuta umeshachimba mashimo matatu kwa jembe, umechomeka miguu ya mikaratusi ndani, na umezungusha mnyororo wa ng'ombe chini kuifunga yote mitatu isiachane. Ukaniambia, "Leo wewe utasema, mimi nitavuta." Nikakaa juu ya ndoo na mkono wangu uliofungwa. Majirani walirudi na viti vyao. Wewe ukatoka langoni na ukawaambia, kwa adabu kabisa, "Shikamooni. Leo kuna hatari hapa, tunaomba mwende nyumbani." Wakaenda, Nasimiyu! Watu wazima! Sijawahi kukwambia, lakini niligeuka upande ili usinione nikicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Injini ya zamani ikatoka. Nyaya zake ulikuwa umezifunga vitambaa kutoka kwenye leso yangu kuukuu, kila waya na rangi yake, na kila kitu ukakipiga picha kabla ya kukigusa. Nilidhani ni utoto. Subiri nifike hapo.

Jumamosi ya Barasa ikafika tukiwa hatujamaliza. Injini mpya ilikuwa inaning'inia juu ya pikapu, nusu imeingia, nusu bado, na wewe ulikuwa kichwa chini ukiilinganisha na gia boksi. Sahani ya klachi ulikuwa umeiweka katikati kwa kijiti cha mpera ulichokichonga mwenyewe, kwa sababu chombo chenyewe hatukuwa nacho. Lori likasimama langoni. Akashuka Barasa na mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu.

"Shemeji, tumefika," akasema Barasa.

Sikugeuka. "Karibuni. Msishike mnyororo."

"Tulikubaliana Jumamosi."

"Ulikubaliana na nani?"

"Shemeji, usiniaibishe mbele ya mtu."

"Huyo mtu umemleta wewe. Nasimiyu, kushoto kidogo."

Nilishusha mnyororo kidogo kidogo kwa mkono mmoja. Ule uliofungwa niliuegemeza kifuani. Yule mwanamume mnene akakaribia, akainama, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Tukasikia injini na gia boksi zikikutana, tok, sauti ndogo, kama mlango mzuri unapofunga. Yule mtu akainuka, akapangusa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Mzee," akamwambia Barasa, "mimi huwa nachukua maiti. Hii iko leba, ndiyo inazaliwa. Mimi sishiki."

Sijui jina lake hadi leo. Lakini hakwenda. Aligeuza mtungi akaukalia, akasema anataka kuona mwisho, na Barasa, kwa kuwa ndiye aliyemleta, ikambidi akae pia.

Tukafunga vishikizo, tukaunganisha nyaya, tukaazima rejeta, tukatia maji na oili mpya. Jua lilikuwa linashuka upande wa Mlima Elgon nilipokalia usukani na kuwasha. Tik. Nikawasha tena. Tik. Hakuna kingine. Barasa akapumua kwa nguvu puani.

Nilitaka kuweka kichwa kwenye usukani. Nilifikiri: walikuwa na haki. Kidole changu, siku zote zile, na walikuwa na haki. Ndipo nikakuona unatembea polepole kuizunguka injini, simu mkononi, ukitazama picha kisha chuma, picha kisha chuma. Ukasimama. Ukainama ukavuta kitambaa chekundu cha leso yangu kilichokuwa kimeangukia nyuma, na kwenye kitambaa kulikuwa na waya mnene, ule unaounganisha injini na mwili wa gari ili umeme upate njia ya kurudi kwenye betri. Tulikuwa tumeusahau. Mimi nilikuwa nimeusahau. Ukaufunga kwa boliti yake, ukasema, "Jaribu, mama. Lakini usiwashe bado, nimechomoa umeme wa plagi. Zungusha tu hadi taa izimike."

Nikazungusha. Mbele yangu ilikuwa ile taa nyekundu, ile ile niliyoizibia masikio kwa redio. Safari hii niliikodolea macho. Ikawaka, ikawaka, ikawaka, na oili ilipofika kila mahali, ikazimika. Ukarudisha umeme. Nikawasha.

Ilitetemeka, ikapiga chafya, ikatoa moshi mweupe uliomfukuza jogoo, kisha ikatulia. Ikatulia tu, ikawa inanguruma kama mtu anayewaza. Yule mtu wa vyuma alipiga makofi peke yake. Nilikwambia upande garini. Boneti ilikuwa bado chini kwenye nyasi, hatukuingoja. Tukatoka langoni hivyo hivyo, injini wazi mbele yetu, tukazunguka soko lote la Kwanza, na mbele ya kanisa nikapiga honi hadi mkono ukachoka. Mchungaji alitoka nje. Nikampungia kwa mkono wenye bendeji. Wengine walisema nilikosa adabu. Ndiyo, nilikosa, na kama ningepata nafasi ningezunguka tena.

Barasa hakunisalimia mwezi mzima na zaidi. Halafu wakati wa kupanda mahindi, Nafula akashikwa na tumbo akiwa shambani, akaanguka kwenye mifereji. Barasa alikuja mbio mchana kweupe, amevaa gambuti mguu mmoja. Hakuniomba, alisimama tu akihema, na mimi nilikuwa nimeshashika ufunguo. Tulimlaza Nafula nyuma juu ya godoro na Barasa akamshika kichwa hadi Kitale. Alifanyiwa upasuaji, akapona, kama unavyojua. Wakati tunarudi, Barasa alikaa mbele. Tukaingia lango letu. Akashuka, akasimama akiisikiliza, mkono juu ya mlango. "Injini yako iko kimya," akasema.

Yako. Alisema yako. Hilo ndilo ombi la msamaha nililopata, na nimelichukua lote.

Ndiyo sababu sikushangaa wala sikumchukia alipokuja jana. Ulikuwa umekwenda sokoni, kwa hivyo hukusikia. Alisema msichana wa boma hili hataenda kushinda chini ya magari na wanaume wa Bungoma. Alisema amekutafutia nafasi ya chuo cha uuguzi, na nadhani ni kweli amehangaika. Alisema watu watasema. Nikamwambia watu walishasema, walileta na viti. Nikamwambia kazi unayoijua ulijifunza hapa uani, mbele ya macho yake, na chuo cha ufundi hapo Kitale kimekupa cheti juu yake. Akasema yeye ndiye baba sasa, na kesho asubuhi atakuja kusimama langoni, na gari halitapita.

Nafula aliniambia baadaye kando ya kisima kwamba Barasa anaogopa. Anadhani ukienda, mimi nitafuata, na boma la ndugu yake litabaki na nyasi. Labda. Mtu anaweza kukupenda na bado akasimama langoni mwako. Hutakiwi kumchukia. Kumtii pia hutakiwi.

Sasa sanduku. Vyote humo ndani ni vyako, hakuna cha kuazima. Ile ndefu ndani ya kitambaa ni spana ya kupima nguvu, inalia tik ukifika kiasi. Sisi hatukuwa nayo, nilikuwa nakaza kwa kukisia na kwa hasira, na unajua boliti zangu ziliishia wapi. Mtarimbo ni ule ule, ni mzito lakini uchukue. Kila chombo nimekipaka rangi ya kucha, ile yako ya waridi uliyodhani imepotea. Hakuna mwanamume wa gereji atakayeiba spana yenye rangi ya kucha akaitoa mbele ya wenzake.

Huko watakujaribu. Siku ya kwanza watakutuma chai. Pika kama una kiu. Siku ya pili wakikutuma tena, waambie mtapokezana, na useme ukiwa umesimama. Watakupa gari ambalo wao limewashinda ili wakucheke. Lifungue polepole, piga picha zako, wacha wacheke hadi wachoke. Utakosea pia. Utakata boliti ya mtu, utasahau waya, utamwaga oili ya watu chini. Sema ni wewe kabla hawajauliza, kisha chukua kitambaa upanguse. Na mtu yeyote, hata awe ni wa kufagia yadi, akikwambia mguu unateleza, acha kuvuta.

Nasikia mbwa wa jirani wakibweka, huenda ni wewe unarudi na kuku wa nyanya yako tumboni. Nitaifunga barua hii niitie chini ya soketi, uisome ukifika huko.

Hapana. Nimebadilisha mawazo. Nitaiweka juu ya kitanda chako uisome leo, kwa sababu ya jambo moja la kesho. Barasa atakuwa langoni alfajiri, na wewe una moyo mwepesi kwake, utataka kushuka umsalimie, umweleze, umbembeleze, na atakushika mkono na utalia na basi litakuwa limetuacha. Tena basi lenyewe hatulipandi. Nimeamua kukupeleka Bungoma mimi mwenyewe, hadi kwenye mlango wa yadi. Majirani nimewaambia kesho maziwa wajipelekee.

Utapanda, utafunga mlango kwa nguvu, utashika sanduku mapajani. Mimi nitaendesha taratibu, tena taratibu sana, hadi bampa imfikie magotini, na hapo nitazima injini nikae. Nina chai kwenye chupa na mandazi ya kututosha sote watatu. Kama atataka kusimama mpaka jioni, tutasimama naye. Lakini atachoka kabla yangu, Nasimiyu. Namjua, na ninajijua.

Mimi mama yako,
niliye tayari tangu sasa.